Mbwa Kumi na Wanane wa Mama Rangi

Ukitaka kumjua mtu mwongo, usimwulize umri wake. Mwulize kama ana paka. Mama Rangi alikuwa amegonga milango ya jiji lile kwa miaka kumi na mmoja, karatasi mkononi, akiuliza swali lile lile: "Hapa nyumbani mna mbwa na paka wangapi?" Majibu aliyopewa yangejaza kabati. "Sina paka mimi," mama mmoja angesema, na paka huku anajipitisha miguuni pake, mkia juu, tumbo limetuna. "Huyu? Huyu anakuja kula tu." Analala wapi? "Hapa." Alizalia wapi? "Humo kabatini." Lakini paka si wake, kaandike hivyo. Mbwa nao ni vilevile. Akimfukuza mwizi ni mbwa wetu, akimng'ata mpita njia hatumjui, labda ni wa ng'ambo ya barabara.

Alikuwa mtumishi wa idara ya mifugo ya jiji, na kazi yake ilikuwa kuhesabu, kuchanja na kupaka rangi. Kila mbwa aliyechomwa sindano ya kichaa alipakwa bluu kichwani kwa kipande cha sponji, na bluu hiyo ilidumu kama wiki mbili. Glavu za idara zilikuwa zikiisha kabla mwezi haujafika katikati, kwa hiyo viganja vyake vilikuwa na bluu isiyotoka hata kwa majivu. Ndiyo maana akaitwa Mama Rangi, ingawa hakuwahi kuzaa.

"Wenzako Mungu kawapa watoto," wifi yake alizoea kumwambia, "wewe kakupa ndoo ya rangi."

"Na wewe kakupa mdomo," Mama Rangi alijibu.

Huyu wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani, mkubwa kwake kwa miaka saba. Mume alipofariki, majirani walikaa mkao wa kula wakisubiri mawifi wagawane masufuria na kununiana. Wakasubiri mpaka wakachoka. Wanawake wale wawili walibaki katika nyumba ile ile ya vyumba viwili, chumba cha mbele kikiwa cha kushonea, na mwaka wa sita ulikuwa unaisha. Walitaniana asubuhi, wakataniana jioni, na mmoja akichelewa kurudi mwenzake hali. Mama Rangi hakuwa na mtu mwingine duniani. Nalisema hili mapema ili lijulikane.

Wifi ndiye aliyemlazimisha kumweleza jinsi mbwa wanavyohesabiwa. "Mbwa hakai mahali pamoja. Utajuaje humhesabu yule yule mara nne?" Mama Rangi akachukua maharage ya kupikwa jioni. Chota konzi moja, alisema, yapake rangi, yarudishe guniani, yakoroge. Kesho chota tena bila kuchagua. Ukiona nusu ya uliyochota yana rangi, basi jana ulipaka nusu ya gunia, na idadi ya gunia zima unaipata bila kulimwaga. Sisi tunachanja na kupaka leo, kesho alfajiri wenzetu wanapita mitaani wanahesabu wenye bluu na wasio nayo. Wifi akafikiri, akasema, "Sasa haya uliyoyapaka wino nani atayala?" Lakini tangu siku hiyo, wateja walioketi chumba cha mbele kupimwa nguo walihubiriwa mpaka wakashika. "Ukiona bluu kichwani kwa mbwa, hiyo ni sahihi ya wifi yangu. Pita zako salama."

Mwaka ule halmashauri ilikuwa imechoka. Watu watatu walikufa kwa kichaa cha mbwa katika msimu mmoja, na madiwani wakataka sumu. Daktari wa mifugo, ambaye ndiye mkuu wa Mama Rangi, alipigana nao kikaoni mpaka akapewa sharti moja: mtaa ambao mbwa sabini katika mia watakuwa wamechanjwa utaachwa. Ukipungua hapo, nyama yenye sumu itamwagwa. Mama Rangi alikuwa ameiona kazi ya sumu zamani. Aliwaona mbwa wamejinyoosha mitaroni, paka juu ya mabati, mbuzi wa mtu naye ndani ya hesabu. Baada ya miezi minne mtaa ukawa na mbwa wengi kuliko mwanzo, maana pengo la mbwa haliachwi wazi. Wageni walitoka huku na huko, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona sindano. Sumu haikupunguza mbwa, ilibadilisha mbwa. Mtaa uliofuata kwenye orodha ulikuwa mtaa wake mwenyewe.

Siku ya chanjo meza iliwekwa karibu na bomba la maji, na watu walikuja kuliko ilivyotegemewa. Mbwa walikuja kwa kamba, kwa nyaya, kwa mikanda ya suruali. Mmoja alisukumwa kwenye toroli kama mgonjwa, na alipoiona sindano akashuka mwenyewe mzima wa afya. Hadi saa sita walikuwa wamechanjwa mbwa sitini na wawili. Kisha Mama Rangi akatia mkono kwenye sanduku la barafu, akakuta vichupa vimekwisha.

Foleni ilikuwa na mbwa kumi na wanane bado. Alimpigia Daktari simu. "Gari limeshatoka," Daktari akasema, "dakika ishirini tu, usiwaachie waondoke."

Kuna sheria moja katika kazi ile, na Mama Rangi mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni wote wa idara: sindano kwanza, rangi baadaye. Hakuna aliyejua zaidi yake. Lakini jua lilikuwa la utosi, mbwa walianza kurukiana, na watu wa nyuma walikuwa wanatazamana kwa macho ya kuondoka. Akapiga hesabu. Nikiwaandika na kuwapaka sasa hivi, gari likifika ni kuchoma tu, robo saa tumemaliza. Na aliyekwisha kupakwa, aliwaza, hataondoka, atasubiri haki yake. Akapita na daftari na sponji, mbwa kwa mbwa, kumi na wanane.

Watu wakaona bluu, wakajua wamemaliza. Hawakuwa na kosa. Walikuwa wamefundishwa hivyo miaka yote, na aliyewafundisha ni yeye. Alipoinua kichwa kutoka kwa mbwa wa mwisho, wa kwanza alikuwa ameshapinda kona. "Jamani, bado sindano! Rudini!" aliita, na wachache waliosikia walipunga mkono kumuaga. Gari lilifika saa kumi alasiri. Lilikuwa limeharibikia njiani, barafu imeyeyuka, dawa imekuwa maji ya moto. Yeye alibaki na daftari lenye majina kumi na manane ya watu wanaoamini jambo ambalo halikufanyika.

Alfajiri ya pili wahesabuji wa mtaa mwingine walipita, kwa sababu aliyechanja hahesabu. Waliwaona mbwa arobaini na wanne, na wenye bluu walikuwa thelathini na wawili. Daktari aliketi na kalamu. Waliopakwa themanini, basi mtaa mzima una mbwa mia moja na kumi, na waliochanjwa ni karibu sabini na watatu katika mia. Akasimama, akaushika mkono wa bluu wa Mama Rangi kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa. "Umewaokoa," alisema, na pale pale akapiga simu halmashauri, sumu ikafutwa.

Mama Rangi alikuwa amekwenda ofisini kusema. Daftari lilikuwa mkobani. Alikuwa ameshaipiga hesabu ya kweli njiani, sitini na wawili katika mia na kumi, na haikufika hata sitini katika mia.

"Daktari, kuna kitu..."

"Kitu gani tena, mama?"

"Barafu," akasema. "Tunahitaji masanduku mapya ya barafu."

Hivyo ndivyo mtu mwema anavyoanza kudanganya. Alijiambia atawafuata mbwa wale kimyakimya, nyumba kwa nyumba, na wakiisha kuchomwa wote uongo utakuwa kweli, na hakuna atakayedhurika. Aliokota vichupa vilivyobaki mitaa mingine. Wenyeji walishangaa: "Tena? Si juzi tu?" Naye akajibu, "Hii ni ya kuongeza nguvu." Kwa wiki mbili aliwapata kumi na mmoja. Mbwa wa mwenye bucha alikuwa wa nne kwenye orodha, akamruka. Alimruka kwa makusudi, kwa sababu mwenye bucha ana maswali mengi na sauti kubwa, na buchani hapakosi watu. Huyo wa mwisho, alisema moyoni. Kisha dawa ikaisha jiji zima. Mbwa saba walibaki, na yeye akakaa roho juu akisubiri shehena.

Katika wiki hizo za kusubiri hakuona yaliyokuwa mbele ya pua yake. Wifi alianza kuvaa magauni ya kuburuza. Cherehani ya kukanyaga akawa anaikanyaga kwa mguu mmoja, na alipoulizwa alisema, "Uzee, wifi, na wewe unakuja." Wakacheka.

Shehena ilifika Jumanne, wiki ya sita tangu siku ya chanjo. Mama Rangi alitia vichupa saba kwenye sanduku la barafu, akapiga moyo konde, akaanzia buchani.

"Umechelewa, Mama Rangi," mwenye bucha alisema, akifuta kisu. "Yule alishakufa. Wiki tano sasa."

"Alikufa na nini?"

"Alibadilika tu. Mbwa wa buchani anakataa mfupa, umeona wapi? Akawa anatafuna mnyororo, mate yanamtoka, mpaka miguu ya nyuma ikalegea. Nikajua kala sumu ya panya. Maana kichaa hawezi kuwa nacho, si ulimpaka?"

Mama Rangi alishika kaunta. "Alimng'ata mtu?"

Mwenye bucha akaacha kufuta kisu. "Kwani wifi yako hakukwambia? Alikuja kununua nyama, akamkanyaga mkia kwa bahati mbaya. Mguuni hapa, nyuma. Nikamwambia twende hospitali, akanicheka mbele ya watu. Akasema, 'Mbwa ana sahihi ya wifi yangu kichwani, hospitali nikafanye nini?' Akaniomba nisikwambie, eti utajisikia vibaya mbwa uliyemchanja kuuma watu."

Hakuaga. Aliondoka na sanduku likimgonga pajani, na njia nzima alikuwa anahesabu, maana ndicho kitu pekee akili yake ilichojua kufanya. Wiki tano. Wengine huchukua miezi miwili, wengine mitatu. Kama bado hajaanza kuumwa, sindano zitamwahi. Akichomwa leo, leo hii, atapona. Ee Mungu, awe hajaanza. Alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja na sare ya idara, na watu walimpisha wakidhani anamfukuza mbwa.

Wifi alikuwa kwenye cherehani, anapinda pindo la gauni la mteja. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai ya asubuhi, kimejaa hadi juu, utando umeganda.

"Nionyeshe mguu."

"Salamu hakuna siku hizi?"

"Wifi, nionyeshe mguu!"

Wifi akamtazama, akapandisha gauni. Vilikuwa vidoa vinne vidogo, vimepona, vimefunga vizuri. Mtu mwingine angeshukuru. "Mwenye bucha ana mdomo," wifi alisema. "Ni kitu kidogo. Ila juzi kimeanza kuwasha, kama siafu wanapita ndani. Nimekikuna mpaka nimechoka."

Mama Rangi alipiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa. Aliujua mwasho ule. Alikuwa ameusimulia mara mia mbele ya watu, pale bombani, akiwaambia kwamba ugonjwa huu ukianza hauna dawa, na kwamba huanzia pale palipoumwa, kisha koo.

"Chai mbona hukunywa?"

"Koo limekaza tangu jana. Nadhani mafua."

Akaenda kwenye ndoo, akachota maji kwenye bilauri. "Kunywa kidogo. Kidogo tu, wifi yangu. Nakuomba."

"Mbona unalia?" Wifi akapokea bilauri, akacheka, akainyanyua. Ilipokaribia midomo, shingo yake ikaruka. Mwili wote ukajikunyata nyuma, bilauri ikaanguka ikavunjika chini ya cherehani. Wifi akabaki ameshika koo, macho yamemtoka, na kicheko kikiwa bado hakijamwondoka usoni.

"Mbona hivi?" akauliza. "Wifi, mbona maji yanakataa?"

Hospitali ya jiji iliwapokea mara moja, jambo ambalo Mama Rangi aliliogopa kuliko foleni. Waliwapa chumba cha pembeni, pazia limefungwa, feni imezimwa ili upepo usimsumbue mgonjwa. Daktari wa zamu alimwita Mama Rangi ukumbini na kumwambia kwa sauti ya chini yale aliyoyajua tayari. Wangemfanyia wepesi, alisema. Wangempa cha kumtuliza. Mama Rangi aliitikia kwa kichwa, na sanduku la barafu lilikuwa bado begani, vichupa saba vya mbwa, havina faida yoyote kwa mtu wake.

Aliporudi ndani, muuguzi alikuwa anajaza fomu. Alikuwa binti mpole, mwandiko mzuri. Aliuliza tarehe ya kuumwa, mahali pa kuumwa, mbwa yuko wapi. Wifi alijibu mwenyewe, kwa pumzi fupi fupi, akitania palipowezekana.

"Mbwa alikuwa amechanjwa?" muuguzi akauliza.

Swali lile Mama Rangi alikuwa ameliuliza milango elfu. Alikuwa na karatasi zake kabatini, ndiyo, hapana, sijui, tia alama panapohusika.

"Alichanjwa," wifi akadakia. "Aliyemchanja huyo hapo mlangoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita kuchota maji, nikamwona anampaka kwa mkono wake. Kwa hiyo hiki si kichaa, binti yangu. Mtatafuta kingine."

Muuguzi akageuka, kalamu imesimama hewani. Mama Rangi angeweza kuitikia. Angeweza kumwachia mgonjwa faraja yake, na pengine kuna watu watasema ndivyo utu ulivyotaka. Mimi sijui.

"Hapana," alisema. "Hakuchanjwa. Dawa ilikwisha. Nilimpaka rangi tu nikasubiri gari."

Muuguzi aliandika. Wifi alimtazama usoni, kisha akateremsha macho hadi kwenye mikono yake ya bluu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

"Nisamehe. Wifi, nisamehe, nilikuwa nataka..."

"Uliwapaka wangapi hivyo?"

"Kumi na wanane."

"Wamebaki wangapi?"

"Sita."

Wifi alifumba macho. Koo lilimruka tena, akangoja litulie, na jasho likamtiririka hadi masikioni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa walikuwa wamefichana wote wawili, mmoja kwa upendo na mwingine kwa woga.

"Sasa umekaa hapa unaningojea nini?" wifi akasema. Sauti ilikuwa kali, sauti ile ile aliyomfokea nayo mteja aliyechelewa kuchukua nguo. "Wapo watu huko wanaosema kama nilivyosema mimi. Nenda."

"Sikuachi peke yako."

"Nenda, nimesema! Utarudi. Nitakuwepo." Kisha, kwa sauti ndogo, "Ukirudi uje bila maji."

Ukumbini Mama Rangi alimpigia Daktari wa mifugo, akamwambia yote kwa pumzi moja: themanini si themanini, ni sitini na wawili, na wale kumi na wanane wengine walikuwa bluu tupu, sita kati yao mpaka leo. "Unajua nikilisema hili wataleta sumu," Daktari alisema. "Mtaa mzima." Mama Rangi alikuwa analijua hilo. Alimwambia aseme hata hivyo, akakata simu, akaanza kutembea. Machozi yalimwagika njia nzima wala hakuyafuta.

Nyumba ya kwanza katika zile sita ilikuwa na geti la bati. Mama mwenye nyumba alifungua akiwa na mjukuu mgongoni, na nyuma yake mbwa wa rangi ya kahawia alikuja akitikisa mkia, akajilaza kizingitini. Bluu ilikuwa imeshatoka kichwani mwake, hakukuwa na hata dalili.

"Ah, Mama Rangi!" yule mama akasema kwa furaha. "Huyu wetu ameshachanjwa. Si ulimpaka wewe mwenyewe?"

Mtoto alikuwa ameteremsha mkono kutoka mgongoni kwa bibi yake, anamtafuta mbwa sikio.

"Nilimpaka," Mama Rangi alisema, akilishusha sanduku chini. "Sikumchanja. Mtoe mtoto hapo, mama, halafu unisikilize."